Jina la Dalmas kwenye Rejista

Alhamisi, 8 Mei 2025

Nimeenda. Kwenye geti la chuo cha kaka yangu nilitaka kurudi nyumbani, lakini nimeenda. Mwalimu Mbugua, mlezi wa klabu ya uchumi, alimwambia Mama niwe nikikusanya rejista ya semina zao kila Alhamisi na kuichapa, badala ya kukaa nyumbani nikingoja barua ya chuo. Nadhani anatuonea huruma. Kaka yangu Dalmas alikuwa mwanachama wa klabu hiyo.

Mgeni wa leo alikuwa mkulima wa viazi kutoka Keringet. Akauliza kwa nini gunia hujazwa hadi linashonewa kilemba juu ili lipokee viazi zaidi, na bei inabaki ya gunia moja. Mimi nilikuwa na jibu. Sikuinua mkono.

Nikahesabu vichwa: arobaini na kimoja. Rejista: majina sitini na matatu. Nikamwonyesha Fancy, mwenyekiti wa klabu. Akacheka. Siz, dada yangu, hapa tunasainiana, akasema. Tukishuka chini ya hamsini tutanyang'anywa ukumbi, turudi kile chumba cha karibu na choo.

Ijumaa, 9 Mei

Nilichapa hadi nambari kumi na saba. Dalmas Ooko. Na sahihi yake — D yenye mkia, mstari mmoja chini.

Tulimzika Machi.

Mama alikuwa akipita na sufuria. Nikafunika karatasi kwa kiganja hadi akatoka.

Jumapili, 11 Mei

Fancy alikuja baada ya kanisa. Huja kila mwezi tangu mazishi. Mama humwita nyathina, mtoto wangu.

Mezani Mama akasimulia tena. Kwamba siku ile Dalmas hakushika simu. Kwamba saa kumi na moja alimpigia Fancy, naye akamwambia, yuko ndani, mama, amesaini hapa. Basi nikatulia, Mama akasema. Angalau jioni yake ya mwisho alikuwa na watu wake.

Kisha akampakulia Fancy kichwa cha samaki. Kichwa! Tangu Dalmas afe hakuna aliyepewa kichwa katika nyumba hii. Fancy akakitazama muda mrefu, nacho kikimtazama. Akasema tumbo linamuuma.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepekua faili lote la klabu. Jina lake lipo kila wiki. Machi lipo. Aprili lipo. Lipo hata Alhamisi tuliyokuwa tumeketi kando ya jeneza lake. Niliinua karatasi moja nikainusa — sijui nilitaka nini. Harufu ya wino tu.

Kisha nikafika ile ya 20 Februari, siku ile anayoisimulia Mama. Semina ilianza saa tisa alasiri. Dalmas, yupo, amesaini.

Nikatoa fomu ya hospitali kwenye sanduku langu la shule. Mama hajawahi kuisoma. Alinipa niiweke mbali na macho yake. Anaamini lori lilimgonga Dalmas baada ya semina, akirudi hosteli. Fomu inasema alifikishwa saa nane na dakika arobaini mchana. Jina: hajulikani. Alikufa alfajiri.

Hajulikani! Jioni nzima na usiku mzima, kaka yangu hana jina kitandani, na jina lake liko ukumbini linasikiliza semina. Na sisi nyumbani tumetulia.

Jumanne, 13 Mei

Mama ameuliza mbona sili. Nimesema homa.

Nikimwambia, nitamnyang'anya hata ile jioni. Nisipomwambia, basi nami nimesaini.

Alhamisi, 15 Mei

Niko ukumbini. Naandika hapa hapa, kiti cha nyuma, daftari juu ya magoti.

Mgeni ni Bi. Wanjugu, msimamizi wa vibarua wa mashamba ya maua kule Kamere. Anasema waridi huendelea kufunguka siku kumi baada ya kukatwa, na biashara yote imejengwa juu ya siku hizo kumi. Wengine wanaandika. Mimi nahesabu wiki tangu Februari.

Fancy amekuja kuketi kando yangu. Karatasi imefika. Akaandika jina lake. Akashuka mstari mmoja. D yenye mkia. Dal —

Nikaweka kidole juu yake. Nikamuuliza, chini chini, kama ile Alhamisi alimwona.

Hapana, akasema. Alidhani yuko njiani, akamsainia kama kila wiki, kama Dalmas alivyokuwa akimsainia yeye. Mama alipopiga, alikuwa ameshasaini. Angesema nini? Sikujua, siz. Naapa sikujua.

Na hizi zingine zote? nikauliza.

Akasema akiacha, mtu atatafuta ni lini Dalmas alianza kukosa, aifikie ile ya Februari.

Nikaitoa kalamu mkononi mwake. Sijui nguvu nilizipata wapi. Bi. Wanjugu anaomba maswali. Msichana wa mbele amegeuka: pitisheni basi, mnatunga katiba?

Karatasi iko mapajani mwangu. Jina limeishia katikati. Fancy amenyoosha kiganja, anataka kalamu yake. Anasema tafadhali. Haniiti siz tena, ananiita kwa jina langu. Anauliza kama nitamwambia Mama.

Naendelea kuandika hapa kwa kalamu yake ili nisimrudishie