Mgeni Aliyesema Muscat ni Karibu

Mama shikamoo,

Ulipokuwa kanisani alikuja mwanamume nisiyemjua kumchukua Glory, eti akafanye kazi za ndani Muscat. Anasema kila mwezi anasindikiza wasichana huko. Nikamuuliza, kutoka KIA ndege inachukua muda gani?

"Kama hapa Dongobesh kwenda Babati tu, dada."

Mama, ni karibu kilomita elfu nne, kama saa tano angani! Huyu hajawahi kufika. Glory akanicheka: "Msomi wetu na ramani zake!" Akabeba begi.

Maziwa yapo jikoni, yafunike. Ndama hajanywa maji. ~~Usimwambie baba.~~ Mwambie baba anipigie haraka.

Usaili wangu wa ualimu ni leo. Lakini nilimwahidi mdogo wangu hatasafiri peke yake, kwa hiyo napanda nao gari la Arusha.

Mwanao mkubwa,
Fabiola