Mota Ilichemka, Nikamvunjia Fundi Heshima

Bi Nasra, shikamoo. Naandika nikiwa na shukrani na aibu kwa pamoja, naomba unisaidie. Mimi ni Devotha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tunaosaga mdalasini hapa Matombo, na mdalasini ukisagwa kwa kasi unapoteza harufu, kwa hiyo fundi Hafidhi alitufungia kwenye mota ya kinu kile kisanduku cha kurekebisha mwendo, tukapunguza sana, harufu ikabaki lakini mota ikaanza kuchemka hadi haishikiki, mara inazima yenyewe, nami kwa hasira nikamwambia mbele ya wanachama wote, "Wewe ni tapeli, umetuletea mota mbovu!" Akakusanya vifaa vyake, akaondoka. Tukaita fundi mwingine, akabadilisha beringi, joto likabaki palepale, tukajua kinu kinakufa na kikundi nacho. Siku ya nne Hafidhi akaja mwenyewe, hakuna aliyemwita, akasema, "Shikamoo mama, naomba niiangalie tu." Akawasha kinu kwa mwendo wetu ule mdogo, akaweka karatasi nyuma ya mota, haikutikisika. "Umeona? Feni ya kuipoza mota inazungushwa na mota yenyewe. Mkipunguza mwendo, feni nayo inazunguka polepole, upepo hakuna, na mzigo ni uleule." Akafunga feni ya pembeni yenye umeme wake, na tangu hapo tunasaga kutwa nzima bila kuzima. Aliondoka hata chai hakunywa. Wenzangu wanasema nimpelekee mdalasini nyumbani kimyakimya yaishe. Mimi ni mtu mzima, yeye ni wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nifanyeje?

Devotha, marahaba. Nafurahi kinu kimepona, na moyo wako una shukrani ya kweli. Lakini ulikosea, mama! Ulimwita mtu tapeli kabla hujamuuliza hata swali moja, na yeye akarudi kuokoa riziki yenu. Mdalasini mpelekee, ni haki yake, ila si kimyakimya. Ulimtukana mbele ya kikundi, basi kikundi kisikie. Mwite kwenye mkutano wenu ujao, simama, taja kosa lako kwa maneno yaleyale uliyomtukania, kisha useme, "Nisamehe." Umri haukuzuii. Na mwombe awafundishe wawili kati yenu kufuta vumbi kwenye ile feni na kuhakikisha inazunguka kabla ya kuwasha kinu. Halafu kaa, mwanangu, umsikilize mpaka amalize.