Sumu Imetoka Uani Kwetu, na Wifi Yangu Ananishukuru

Mshauri wangu, nisaidie kwa mawazo, maana mimi mwenzio akili imegota tangu juzi.

Mimi ni msusi, nasukia barazani kwangu, na mume wangu hununua betri mbovu za magari, huzipasua na kuyeyusha kwenye tanuru risasi iliyomo ndani, si ile ya bunduki, ni yale madini mazito ya kijivu, kisha huyauza, na kazi hiyo huifanya uani kwetu, na ndiyo iliyotulisha tangu tuoane. Mwaka huu walikuja watu wa chuo kikuu, na sikufichi, mwanzoni tuliwanunia, maana tumewazoea wanaokuja kutuuliza maswali, wakatupiga picha, wakapotea moja kwa moja, lakini hawa walikaa nasi kwenye ukumbi wa shule wakauliza, "Nyinyi wenyewe mnasumbuliwa na nini?" na kina mama tukasema watoto wetu wanaumwa matumbo yasiyoisha, hawakui, darasani wanasahau hata walichofundishwa asubuhi. Tukaunda kamati pamoja nao, nami nikawamo, na kila niliyemshika kichwa kumsuka nilimhimiza apeleke mtoto akapimwe damu, hata wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tumepakana naye ukuta, nilimbembeleza mpaka akakubali.

Juzi daktari wa chuo, mama mmoja mpole wa makamo, aliniita pembeni kabla ya kikao. Akaniambia, "Mwenzangu, keti kwanza." Nikaketi. Akasema watoto wengi wa mtaa wana risasi kwenye damu, na kadiri wanavyoishi karibu na ua wetu ndivyo inavyozidi, na mwenye nyingi kuliko wote ni kitindamimba wangu. Mshauri, niliona mdomo wake unacheza nisisikie neno. Mtoto huyo hutambaa uani, na nikifua nguo za kazi za baba yake huchezea maji yale yale. Daktari akasema tanuru lizimwe siku hiyohiyo, mtoto apelekwe hospitali, na matokeo yatatangazwa kwenye mkutano wa mtaa wiki ijayo, majina ya watoto hayatatajwa, ila chanzo hawawezi kukificha.

Nikarudi nyumbani mbio nikamwambia mume wangu. Alikuwa ameshika koleo, akaliweka chini taratibu.

"Nikizima leo, nimekiri," akasema. "Watasema ni mimi."

"Ni wewe," nikamjibu, "na aliyeumia ni mwanao."

Akaliokota tena koleo, akasema nikifungua mdomo huko nje nifungashe virago nirudi kwetu.

Kilichonimaliza ni jana. Mtoto wa wifi alishikwa na degedege akalazwa, na mama yake alipopita kuchukua nguo za kubadilisha alinikumbatia mlangoni akasema, "Wifi, bila wewe nisingempima, na madaktari wasingejua wanatibu nini. Mungu akulipe." Nikaitikia amina. Nyuma yangu, uani, moshi ulikuwa unapanda. Nifanyeje, mshauri? Nikisema navunja nyumba, nikinyamaza nazika watoto.

Msusi wa barazani

*

Dada msusi, pole. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikainuka, nikarudi kuisoma tena, kwa kuwa sikuamini habari ya moshi ule. Mtoto mmoja amelazwa, mwingine ana sumu mwilini, na tanuru linawaka? Unaniuliza kama useme au unyamaze. Mimi nakuuliza, mwanao yuko wapi sasa hivi? Barua nzima hujaniambia kama umempeleka hospitali. Mbebe, nenda. Hayo mengine utayasoma kwenye foleni.

Kwa kufua nguo sikulaumu. Hamkujua, na mumeo naye hakujua. Lakini kutojua kuliisha juzi, na kila moto unaowashwa tangu hapo unawashwa kwa makusudi. Mumeo anaogopa, namwelewa, hata simba akibanwa hunguruma. Mwambie mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie pia kwamba yule aliyelazwa anamwita yeye mjomba. Hospitali itamtibu, kisha itamrudisha kulala nyuma ya ukuta wenu, kwenye moshi uleule. Sasa mmemtibu nini? Aende kwa dada yake kabla ya mkutano. Ni afadhali dada alisikie jambo hili kwa kaka yake kuliko kulisikia mbele ya umati. Akikataa, usimsubiri, sema wewe. Na akikufukuza, ondoka na watoto wako. Kwenu angalau hakuna moshi.

Watoto wasilale tena nyumba hiyo mpaka isafishwe. Usifagie vumbi, lifute kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazi zisivuke kizingiti, na udongo wa uani msiuchimbe wenyewe.

Na hao wa chuo, nawapongeza kwa kuwasikiliza nyinyi, lakini msikubali waje mkutanoni na takwimu tupu. Wewe ni mwanakamati, simama udai: watoto wote watibiwe, ua usafishwe na wenye utaalamu, na mafundi kama mumeo watafutiwe kazi nyingine. Ushirikiano si kupeana habari mbaya na kuagana. Kwenye mitaa ya wenye nafasi hakuna anayeyeyusha betri chini ya dirisha la mtoto, na wa kwenu nao hawakuzaliwa ili wavute sumu.

Kwa wifi yako usiende na maelezo marefu. Keti naye kwenye benchi la hospitali, mshike mkono, umwambie, "Sumu imetoka kwetu, na moto tumeuzima." Atalia, pengine atakutukana. Vumilia, usijitetee. Ila hakikisha maneno yale ya mwisho ni ya kweli kabla hujayatamka.