Damu ya Mwenye Macho Mazima

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako. Natumai magoti yamepunguza kelele na wajukuu hawajakumaliza. Mimi mzima, isipokuwa ukungu wa macho, nao umezidi. Mistari ikipanda mlima, panda nayo.

Binti yangu yuko kulekule maabara, ndani ya koti jeupe ninalolipiga pasi mwenyewe. Mtaa mzima unaniita Mama Daktari, nami siwakatazi. Wanatafuta ndani ya damu kile tunachorithishana, kinachotia ukungu kioo cha jicho: baba, kaka, sasa mimi. Waliposema wanataka damu ya ndugu, si unanijua! Nilikusanya vipofu wetu wote, tukaingia pale tumeshikana mabega kama watoto wanaocheza gari moshi. Mkubwa wao alicheka, akanishukuru, kisha akauliza wazima wako wapi. Kumbe wagonjwa peke yao hawatoshi. Lazima damu yao ilinganishwe na ya ndugu aliyenusurika, ndipo kasoro ijitenge.

Kwa watoto wa mama yetu, aliyenusurika ni wewe tu.

Najua ulimjibu binti yangu kwamba macho yako hayana shida, damu yako ya nini, tena mwanao anaposwa, hutaki wakwe wasikie habari za upofu. Sikukasirika. Nilinuna kidogo tu, wiki nzima.

Sasa nakupigia magoti. Kila jioni binti yangu hunisomea gazeti. Siku hizi analikunjua, anageuza kurasa vizuri kabisa, lakini habari ni zilezile nilizozisikia redioni asubuhi. Juzi nilimpa gazeti la mwaka jana, nililokuwa nimetandika kabatini. Akanisomea habari za redio za asubuhi ileile ya juzi.

Haoni, mdogo wangu. Anayetutafutia dawa haoni, na kazini hajasema. Anadhani mama yake, kwa macho haya, hawezi kujua. Nami nacheka panapochekesha, nauliza maswali, halafu naingia jikoni nafungulia bomba ili nilie.

Njoo. Ni tundu moja la sindano. Jina lako halitatajwa, nimeuliza. Sina mwingine wa kumwendea.

Msalimie shemeji, na bibi harusi wetu mtarajiwa. Ukifika, binti yangu atakuambia umependeza. Mshukuru tu.

Ni mimi dada yako,
Mama Daktari