Filamu ya Mama Niliyosema Imeungua

Jumatano. Mvua inapiga mabati tangu saa nne na hakuna mgonjwa aliyekuja. Pikipiki zimekwama matopeni. Aliyevunjika mkono leo atangoja barabara ikauke. Nimekaa peke yangu katika chumba cha picha za mifupa, hospitalini ninapofanya kazi, na droo ya chini iko wazi. Ndani ya droo mna uso wa mama yangu.

Wacha niseme tu. Nina wivu.

Si wivu wa mwanamke. Nyie mnaonisoma mnajua sina hata mke wa kunikimbia. Namwonea wivu Amisi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, fundi wa simu na redio hapa soko la Kasongo. Mama yake alipohamia Salamabila kufanya biashara, Amisi alibaki kwetu. Alikula kwetu, akalala nami mkeka mmoja. Mama akipakua samaki, kichwa kilikuwa cha Amisi. Nimefika umri huu na bado navikumbuka vile vichwa vya samaki. Mnaweza kucheka.

Sasa huyo Amisi ana kamera. Si ya simu. Ni ile kubwa ya zamani, sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, mbele lensi, nyuma kioo, katikati ngozi ya mikunjo inayovutika kama mivukuto ya mhunzi. Mimi ndiye niliyeiota. Nilipokuwa nasomea kazi yangu kule Kindu niliona mchoro wake katika kitabu, na miaka yote nimekuwa nikimsimulia: unaingia chini ya kitambaa cheusi, unamwona mtu kichwa chini miguu juu, unapiga picha moja tu, kubwa kama sahani. Alikuwa akinisikiliza huku anachomelea waya.

Mwezi uliopita akaenda Wamaza kutafuta mpunga. Huko akamkuta mjane wa mpiga picha wa zamani aliyekuwa amelihifadhi sanduku kama hilo juu ya dari ya jiko. Akampa redio mpya na paneli ndogo ya jua, naye akampa sanduku. Alirudi nalo kwenye pikipiki, limefungwa juu ya gunia, na kabla ya kufika kwake akapita kwangu. Anacheka meno yote nje. "Angalia, ndugu. Ile kitu yako nimeipata."

Yangu, lakini kaipata yeye.

Panya walikuwa wameitafuna ngozi. Amisi akaziba matundu kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na gundi ya kuzibia magurudumu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakisugua kwa mchanga laini na maji siku mbili, mpaka kikawa na ukungu wa kupokea sura. Nilimwangalia akikisugua na nikatamani kivunjike.

Filamu za kamera ya namna hiyo hapa kwetu huzioni hata ukizitafuta kwa tochi. Filamu zilitoka kwangu. Tuna maboksi mawili ya filamu za mifupa zilizopitwa na wakati, na mkubwa wangu aliniruhusu kuzichukua. Nazikata katika chumba changu cha giza chini ya taa nyekundu, na nazisafisha kwa dawa ileile inayotoa mbavu na magoti ya watu. Kwa hiyo kila picha ina mkono wa Amisi mbele na wangu nyuma. Lakini pitia sokoni uwasikie: picha za Amisi, kamera ya Amisi, Amisi fundi kweli.

Picha tatu za mwanzo ziliharibika. Ya kwanza alisahau kuvuta kifuniko cha filamu. Ya pili mwanga ulipenya kwenye kiraka. Ya tatu alisahau kukaza mguu mmoja na msikiti ukatoka umelala ubavu. Kila mara nilimpa pole, na kila mara nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Naandika hivyo bila kujitetea.

Halafu ikaja Jumapili.

Mama yangu hapigwi picha. Nimejaribu kwa simu mara ngapi sijui, na jibu ni lilelile: "Weka ile telefone. Mi siko kitu ya kuangaliwa-angaliwa." Mwaka jana alikohoa sana nikampiga picha ya kifua hapa hapa. Nina picha ya mbavu zake, sina ya uso wake. Basi Jumapili Amisi akaja na sanduku lake begani, akasema tu, "Mama, njoo ukae." Mama akaingia ndani, akatoka na mtandio mweupe aliouweka kwa ajili ya Idi na tasbihi yake mkononi, akakaa.

Amisi alimweka mbele ya ukuta wetu wa matofali mekundu. Hapo palikuwa na neno la kusema na sikulisema. Filamu zile hazioni rangi nyekundu. Ndiyo maana naweza kuzikata chini ya taa nyekundu. Nilijua ukuta wote utatoka mweusi tititi. Nilinyamaza nikitumaini picha itakuwa shimo.

Lensi haina mlango unaofanya kazi. Amisi anaifunika kwa kifuniko cha kopo la maziwa, anakiondoa, mimi nahesabu sekunde nane kwenye simu, anakirudisha. Alisimama upande wa kuume wa kamera, mimi upande wa kushoto. Nikasema maneno ninayowaambia wagonjwa kila siku, kwa sababu sijui mengine. "Mama, vuta pumuzi. Ikaze. Usitikisike." Hakutikisika. Hata kope hazikucheza.

Niliisafisha filamu alasiri ileile. Ilipokauka nikaipiga kwa simu na kugeuza weusi kuwa weupe ili nimwone vizuri. Ukuta kweli ulikuwa mweusi, na kutoka ndani ya weusi huo uso wa mama ulikuwa umesogea mbele, na kila kunjo lake, na mtandio unang'aa. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumemsaidia.

Lakini kilichonimaliza ni macho. Alikuwa haangalii lensi. Alikuwa ameyapeleka pembeni kidogo, upande wa kuume, aliposimama Amisi. Yalikuwa macho ya mtu anayemngoja mtoto wake amalize kula ili amwongezee. Kile kichwa cha samaki kikanirudia kooni, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

Nikamtumia Amisi ujumbe kwamba imeungua, mwanga umeingia.

Akajibu palepale: "Haina neno, ndugu. Tutarudilia." Nikaitia filamu katika droo.

Jana nilimkuta kibandani anabandua viraka vyote, vidole vimejaa gundi. Aliamini kosa ni lake. Aliniambia amechoka kuwaharibia watu filamu, na kumharibia mama ndiyo imekuwa mwisho. Kisha akasema, bila uchungu wowote, "Ile kitu inataka mutu ya akili kama weye. Ichukue. Ukae nayo." Nikamjibu nitafikiria. Kumbe nilikuwa nimeshafikiria: kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshachagua kona ya kuiweka. Nilipata nilichokitaka kwa sentensi moja ya uongo, na niliona raha. Raha kabisa.

Asubuhi hii mama akinimiminia chai akauliza, "Foto yangu iko wapi?" Nikamwambia imeungua, Amisi atarudia. Akaweka birika chini. "Mi nilikaa mara moja. Sitakaa tena." Ninamjua mama, hatakaa tena.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya siku tatu.

Basi mvua iliponifungia hapa, nikafungua ile picha kwenye simu, kwa nia ya kujiumiza tu. Nikaangalia macho, nikaangalia mtandio, nikashuka mpaka mikononi. Tasbihi ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Mama yangu hashiki tasbihi kwa mkono wa kushoto. Tangu nizaliwe sijaona. Hata mwaka ule alipoungua vidole vya kuume kwa mafuta, aliipitisha shanga kwa shanga juu ya bandeji.

Katika kazi yetu, kila picha tunaiwekea herufi ndogo ya madini ya risasi, D ya Kifaransa, droite, kwa upande wa kuume, kwa sababu filamu hizi zina dawa pande zote mbili na ukizigeuza huoni tofauti. Bila herufi unaweza kumfunga mtu bandeji mguu usiovunjika. Hili nimelirudia mpaka nalisema usingizini. Filamu ya mama sikuiwekea herufi. Jumapili niliishika kwa upande wa nyuma na sikuangalia mara mbili, kwa kuwa nilichokiona ndicho nilichokuwa tayari kukiona.

Nimeitoa kwenye droo. Nimeigeuza, nikaiweka juu ya kioo cha taa tunachosomea picha. Tasbihi imerudi mkono wa kuume. Na macho ya mama yamehama. Yamekwenda kushoto kwa kamera, karibu na mlango wa jiko, aliposimama mtu mwenye simu mkononi akihesabu moja, mbili, tatu.

Ananiangalia mimi.

Nimelia kidogo, mvua ina kelele, hakuna aliyenisikia. Natamani kusema wivu umekwisha, ila nitakuwa nadanganya tena. Kesho sokoni watasema picha ya Amisi, na kweli ni ya Amisi: ndiye aliyeziba matundu, ndiye aliyesugua kioo, ndiye aliyemwambia mama njoo ukae na mama akaja. Moyo utaniwasha kama kawaida.

Nimechukua sindano nikakwaruza D ndogo pembeni mwa filamu, ili asiwepo mtu mwingine atakayemgeuza mama. Nimeifunga katika bahasha ya hospitali.

Nilitaka kuandika hapa kwamba nitampelekea kesho, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Lakini mvua imekatika nikiwa bado naandika, na kibanda cha Amisi hakifungwi mapema. Nitamwambia kabla hajanivutia kiti: haikuungua, nilikudanganya, na ile kamera sitaichukua. Haya sitayachapisha mpaka ayasikie kinywani mwangu. Ukiyasoma, jua nilikwenda.