Tepu Imekuja Mkiani

3 Machi

Kijiti, mjukuu wangu,

Miezi tisa hujakanyaga mlango huu, kisha unanitumia daftari! Nilizaa daftari mimi? U mzima lakini? Unakula? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagoma. Anayeniandikia ni jirani yangu muuza dawa. Nimemwambia akipunguza hata neno moja, suruali zake atashona mwenyewe.

Amenisomea kamusi yako ya maneno ya ushonaji, ile unayosema chuo kikiikataa na kazi huna. Mwanzo bitana. Kisha bobini, chaki, cherehani, kifungo, kitambaa, kola. Mkasi umekuja baada ya kola! Tepu iko huko mkiani, karibu na zipu. Nani alikufundisha kumpima mteja akiwa ameshavaa?

Na overloki yangu imekwenda wapi? Umeandika "mashine ya kuzuia ukingo usifumuke." Nikimaliza kuitamka hiyo, mteja ameshahamia kwa fundi mwingine.

Bibi yako

19 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Mimi sijambo, nakula. Overloki nimeirudisha. Lakini mpangilio ule ni wa alfabeti, Bibi. Kamusi zote ziko hivyo, ili mtu apate neno upesi. Kamati ya chuo inakutana mwisho wa Aprili na haina mzaha. Naomba hapo uniachie.

Mjukuu wako, Kijiti

27 Machi

Kijiti,

Salamu baadaye. Nina mwanagenzi mpya, mama mtu mzima, kusoma anajua. Nimemtia bobini mkononi, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikamwambia, "Tafuta jina lake humo." Akafungua, akafunga, akafungua tena. "Bibi, inaanza na herufi gani?"

Haya niambie wewe msomi: angejua inaanzaje, angekuwa anatafuta nini?

Tukalikata daftari vipande, tukayapanga maneno mezani kama kazi inavyokwenda: kupima, kukata, kuunga, kumalizia. Bobini ikakaa na uzi na cherehani. Yule mama akaipata kabla chai yake haijapoa. Vipande nimevitia kwenye bahasha. Wakikufukuza, cherehani moja hapa haina mtu.

Bibi yako

6 Mei

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kimya changu, nilikuwa naogopa. Nilipeleka mpangilio wako, alfabeti nikaisogeza kurasa za mwisho. Mwenyekiti akaguna. Ndipo mwalimu wa ushonaji akasema, "Miaka sita wanafunzi wangu wanaita bobini 'kile kidude'. Kamusi hii wataweza kuitumia."

Wamepitisha, Bibi! Kazi ninayo, na sasa wanataka kitabu cha pili, cha kurekebisha nguo kuukuu. Sijui hata nianzie wapi.

Mjukuu wako, Kijiti

13 Mei

Kijiti wangu,

Nimepiga kigelegele mpaka mteja akajichoma pini. Nimelia pia, muuza dawa alitaka kuliruka hilo, nimemwambia aandike.

Kurekebisha hakufundishwi kwa barua. Njoo Jumamosi asubuhi, usile huko utokako. Nitakupa koti kuukuu, ulifumue lote mpaka libaki kitambaa kitupu. Na kila unachokitoa, kitaje kwa sauti kabla hujakiweka mezani.

Bibi yako