Mugongo wa Antene Unaangalia Lubumbashi

Kutoka kwa Muzee Onésime Ntirenganya,
Majengo, Goma.
Tarehe 9 mwezi wa sita, 1991.

Mpendwa mupwa wangu Modeste,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, nimeona Wabelgiji wakifunga masanduku yao, nimepita vita ya Mulele, nimepita moto wa mulima wa mwaka wa sabini na saba. Madaktari watatu waliniambia nijitayarishe. Wawili kati yao nimewasindikiza makaburini mimi mwenyewe. Nakwambia haya kwanza ili ujue ni mutu muzima anakuandikia.

Habari ya afya yako? Na bibi yako Eugénie, na watoto? Natumaini mnakula na mnalala vizuri huko Lubumbashi. Mimi nakula asubuhi, mchana na jioni, nyama naitafuna kwa meno yangu, na paa ya nyumba naipanda bila mutu kunishika.

Nimesikia umenunua redio foni mpya. Pole sana, umesumbuka bure. Ile ya zamani haikuwa na ugonjwa. Tangu mwezi wa kwanza hutusikii na sisi hatukusikii. Rafiki yangu Namegabe wa Kisangani, yule tunayeongea naye hewani kwa foni, aliniambia ulimuuliza kama mashini yangu imekufa, naye akakujibu imekufa. Ni mimi nilimwambia akujibu hivyo, na wewe hukumwamini, ukafikiri iliyokufa ni yako. Hapa kwangu hakuna kitu kilichokufa.

Sasa nikueleze vizuri, maana wewe umesoma na unapenda kuelezwa.

Mutoto wangu Célestin alirudi kutoka Liège na ordinatere, ile Waingereza wanaita kompyuta. Majengo yote walikuja kuitazama. Ndani yake kuna programu ya kupima antene kabla hata haijasimamishwa. Unaiambia urefu wa kila waya, unaiambia waya ziko juu kiasi gani, unaiambia udongo wa chini ni wa namna gani, halafu kwenye ekrani, kile kioo chake, inakuchorea sauti itakwenda wapi, na wapi haitakwenda. Muchoro unafanana na figo ya ngombe: upande mumoja umevimba, upande mwingine umebonyea. Nikamuuliza, hapa palipobonyea ni nini? Akasema, papa, huko antene ni bubu na ni kiziwi. Nikamwambia, hapo uniwekee Modeste.

Alicheka. Akaona mimi sicheki, akaacha.

Usifikiri nimesahau. Mwaka jana nilipolala hopitali, ulishika mikro siku ya Mungu, Jumapili, saa ile kila mwenye foni toka Kisangani mpaka Bujumbura anasikiliza, ukasema: "Muzee ameisha. Mashini yake iletwe kwangu, hapo Goma hakuna mutu wa kuitumia." Nilipotoka hopitali nikafungua foni, Namegabe akanisalimu mbele ya wote: "Bonjour, marehemu! Huko mbinguni wanakusikia vizuri?" Watu walicheka. Mimi! Niliyeachiwa mashini hii na père, padri wa misioni, kwa mukono wake. Niliyeongea na Wajapani!

Basi tukafanya kazi. Antene ya kwanza ilitushinda. Célestin aliniuliza udongo wa parseli yangu, kiwanja hiki cha nyumba, nikamwambia ni udongo muzuri, mweusi, wa kulima. Mutu wa Goma anayekubali kwamba parseli yake ni mawe matupu, utamwona wapi? Akaandika vile. Tukasimamisha mianzi, tukavuta waya, na siku ya Mungu sauti yako ikaingia, ndogo lakini iko: "Mujomba, nakusikia kwa mbali." Sikula jioni ile. Célestin akasema, papa, ordinatere si mununuzi wa parseli, iambie tu ukweli. Nikamruhusu aandike mawe ya volkano. Figo ikageuka sura yote. Tukashusha mianzi, tukasogeza waya wa nyuma, akapima tena, tukasogeza tena.

Tangu siku ile hujaingia. Ulaya wananisikia kama nimekaa chumbani kwao. Namegabe ananisikia. Wewe peke yako antene imekupa mugongo, na hakuna fundi toka hapa mpaka Kinshasa aliyewahi kumuchagua mutu mumoja akamunyima sauti namna hii.

Sasa neno la mama yako. Dada yangu Perpétue hajasimama tangu Pasaka. Miguu imevimba, moyo umechoka, daktari amesema tumupe chakula chochote anachokitamani. Hatamani chakula. Kila siku ya Mungu tunambeba na kiti chake mpaka mbele ya mikro. Anaita: "Modeste, ni mama. Modeste mwanangu, ni mama huyu." Anangoja. Mashini inavuma tu. Ananiuliza kama nimefungua vizuri. Namjibu nimefungua vizuri, na hiyo ni kweli.

Siku ya Mungu iliyopita Namegabe aliingia katikati: "Muzee, mama wa watu anaita, nimupitishie maneno yake Lubumbashi?" Nilizima kabla hajamaliza. Mama yako akasema: "Mutoto amenikasirikia. Nilimunyima nini?" Sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana. Mimi siwezi kumudanganya mugonjwa.

Célestin ananiomba tugeuze mianzi. Ni kazi ndogo, ni kufungua kamba na kufunga kamba. Amelia mbele yangu, mutu muzima, wa Liège. Nimemwambia antene itageuka siku nitakapokufa. Wewe ulishanizika zamani, kwa hiyo mimi sina haraka.

Ningeweza kunyamaza, ungeendelea kununua mashini. Lakini kumupiga mutu asijue nani amemupiga, furaha yake haifiki tumboni. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na unajua kalamu inanichosha kuliko jembe. Barua inabebwa na dereva wa lori anayepitia Kalemie. Atafika akifika. Kama mama yako ana nguvu ya kungoja lori lake, hilo utalifikiri mwenyewe.

Nisalimie Eugénie, na watoto wote, na shemeji Henri. Célestin anakusalimu, hakuthubutu kuandika. Mungu akupe miaka kama yangu, na kwenye uzee wako akupe mupwa kama wewe.

Mujomba wako anayekupenda, tena anayepumua,
Onésime Ntirenganya

Ukifikiri ninajisifu bure, wako watakaonishuhudia. Célestin anayo michoro yote, ule wa udongo muzuri na ule wa mawe. Namegabe nimemufungua mudomo, muulize siku ya Mungu inayokuja. Mama yako usimuweke kati ya mashahidi: yeye ataapa mbele ya padri kwamba anakuita, na wewe unamusikia.